Crown iliyotumika Tanga: ukaguzi, magonjwa yake na gharama za kulitunza

Toyota Crown ya mwaka 2005 ya mkononi inaweza kuuzwa kwa bei inayokaribiana na ya Toyota IST safi, gari dogo, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Gari hili lilitengenezwa liwe la bosi wa Japani: injini ya V6, viti vya umeme, ukimya ndani. Umri umeishusha bei ya gari, lakini haukushusha bei ya koili zake sita, pampu zake wala bushi zake. Na anayeliuza, mara nyingi, anauza pamoja nalo matengenezo aliyoyaahirisha miaka miwili mitatu. Kazi yako ni kuyagundua hayo kabla hujalipa, kisha kuyakata kwenye bei.

Maelezo haya yanahusu zaidi Crown za S180 (zilizotoka Desemba 2003 hadi 2008) na S200 (2008 hadi 2012). Mwenye Mark X anaweza kuyafuata karibu yote, kwa sababu injini ya lita 2.5 ni ileile.

Soma namba ya chasisi kwanza

Usiamini maandishi ya nyuma ya buti. Beji ya Athlete (toleo la kimichezo; Royal ndilo la starehe) inanunuliwa dukani. Soma herufi na tarakimu za mwanzo za chasisi:

- GRS180 na GRS200: 2.5, injini 4GR-FSE, magurudumu ya nyuma yanavuta.
- GRS181 na GRS201: 2.5 hiyohiyo, lakini inavuta magurudumu yote manne.
- GRS182 na GRS202: 3.0, injini 3GR-FSE.
- GRS184 na GRS204: 3.5, injini 2GR-FSE.

Kwa matumizi ya Tanga, chukua 2.5 ya kuvuta nyuma. Ile ya kuvuta kote ilikusudiwa theluji. Huku inakuongezea difu ya mbele, shafti zake na uzito, bila faida yoyote mtaani Ngamiani wala njia ya Pangani. Ile ya 3.5 ina sifa moja nzuri ambayo tutaifikia kwenye injini, lakini mafuta yake si ya kila mfuko.

Hesabu kabla ya kwenda kuliona gari

Ukiagiza Japani, kodi ndiyo itakayokushtua. Chukua mfano wa gari ambalo TRA imelithamini, pamoja na usafiri na bima, kuwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500,000, hivyo thamani inafika 12,500,000. Injini inayozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 ya hiyo 12,500,000, yaani 1,250,000. Gari lenye umri wa miaka 10 na zaidi linaongezewa asilimia 30, yaani 3,750,000. Jumla 17,500,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake ni 3,150,000. Umelipa kodi 10,650,000 kwa gari la milioni 10, na bado hujahesabu tozo ndogondogo, wakala, bandari na usajili. TRA hutumia thamani ya kwenye kikokotoo chake, kwa hiyo ankara yenye bei ya kutupwa haikusaidii. Ingia kwenye kikokotoo hicho kabla ya kutuma hela Japani.

Ndiyo maana wengi wananunua la mkononi lililokwisha kulipiwa. Ni sawa, ila hakikisha kadi ni halisi na iko mikononi mwa muuzaji. Kadi za magari huwekwa rehani kwa mikopo, na ahadi ya "kadi iko Dar, nitakuletea wiki ijayo" ni sababu tosha ya kuacha biashara. Tazama pia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, na fanya uhamisho wa umiliki mara moja. Usiendeshe miezi kwa jina la mtu mwingine.

Mafuta: 2.5 yenye afya hutumia kati ya kilomita 7 na 9 kwa lita mjini, na 10 hadi 12 kwenye safari ndefu kama utakwenda kwa adabu. Tuseme unatembea kilomita 10,000 kwa mwaka. Kwa wastani wa 8, hizo ni lita 1,250. Gari dogo linalokwenda kilomita 13 kwa lita litakunywa kama lita 770. Zidisha tofauti hiyo ya lita 480 kwa bei ya EWURA ya mwezi huu kwa Tanga (bei kikomo hutolewa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa mafuta yanapokelewa bandarini hapahapa). Hicho ndicho kiingilio cha ubosi, kila mwaka.

Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake.

Halafu weka kando fungu la matengenezo ya mwanzo: asilimia 15 hadi 20 ya bei uliyonunulia. Kama ukilipa gari unabaki na hela ya mafuta tu, hilo si gari lako kwa sasa.

Ukaguzi: nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji usiku uliotangulia asiliwashe. Ukifika ushike boneti; kama ni ya moto, ameficha kitu cha mwasho wa kwanza. Rudi siku nyingine.

1. Toa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Oili ikiwa chini ya alama, uliza lini imemwagwa mara ya mwisho. Fungua kifuniko cha oili na tazama ndani kwa tochi: rangi ya asali au kahawia inakubalika, tope jeusi lililoganda halikubaliki.

2. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote lazima ziwake, kisha zizime baada ya mwasho. Taa ambayo haiwaki kabisa imefunikwa au kukatwa. Ni ujanja wa zamani, na bado unapita.

3. Piga stata na usikilize. Mkwaruzo wa sekunde moja hivi unaofuatwa na ukimya hutoka kwenye gia za VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka), zichunguzwe. Ukiendelea, ni mnyororo wa taimingi au uhaba wa oili, na hiyo ni kazi kubwa. Injini hizi hazina mkanda wa taimingi, kwa hiyo akikwambia "timing belt nimebadilisha juzi", umeshajua unaongea na mtu wa namna gani.

4. Liache lingurume dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta huku wewe uko nyuma. Wingu la bluu ni oili inayoungua. Mvuke mweupe unaoisha si kitu; mweupe mzito usiokwisha, pamoja na maji kupungua, ni gasketi ya silinda hedi.

5. Chomeka mashine ya kupima. Usitafute kodi za hitilafu tu (namba za kosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi), tazama pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa vyote "havijakamilika", mtu amefuta kodi asubuhi hiyo. Kodi P0300 hadi P0306 ni silinda kukosa moto, P0011 na P0021 ni VVT-i, P0171 na P0174 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi, P0420 ni katalisti (kisafisha moshi) iliyochoka.

6. Endesha. Kutoka P kwenda D gia iingie ndani ya sekunde moja na nusu bila kishindo. Kisha toka Tanga kwa barabara ya Segera hadi Muheza, kama kilomita 35, ukishika mwendo wa 60 hadi 80 kwa mguu mwepesi. Gari likitetema kama limepita juu ya mabati, klachi ya ndani ya toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) inaanza kwisha. Mwisho funga breki kwa nguvu kutoka 80: usukani ukicheza, ni diski zilizopinda au bushi za mkono wa chini.

7. Lipandishe kwa jeki na stendi, uingie chini na tochi. Hapa usimtume mtu.

Kwa gari linaloingia moja kwa moja kutoka Japani, dai karatasi ya mnada. Daraja 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida, R au RA maana yake limewahi kugongwa na kurekebishwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi hiyo, za kwenye cheti cha kuuzia nje na za kwenye dashibodi. Raba za pedali zilizolika hadi chuma haziendani na kilomita 60,000.

Injini: kaboni, oili na maneno ya mafundi

4GR na 3GR zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi unaganda juu ya valvu za moto na kujenga kaboni. Dalili zake: kutetemeka ikiwa baridi, mngurumo usiotulia ukisimama kwenye taa, kukosa nguvu, kodi za kukosa moto zinazohamahama silinda. Watu hubadilisha koili, halafu plagi, halafu nozeli, na tatizo linabaki palepale.

Dawa za kumimina kwenye tangi hazifiki huko kwenye valvu. Zinaweza kusafisha nozeli, basi. Kinachosaidia ni kufungua manifoldi ya hewa na kusafisha valvu kwa mkono: unazungusha injini mpaka valvu za silinda hiyo zijifunge kabisa, unamimina kisafisha kaboni, unaacha kilowe, unakwangua kwa brashi ya nailoni na kijiti cha plastiki, unafyonza uchafu wote nje, ndipo unahamia silinda inayofuata. Ukikwangua huku valvu iko wazi, kaboni inaangukia juu ya pistoni. Tumia gasketi mpya wakati wa kurudisha. Ni kazi ya siku nzima. Fundi akikuahidi saa mbili atapuliza dawa kwenye mdomo wa hewa tu.

Sasa ile sifa ya 3.5: 2GR-FSE ina nozeli za aina mbili, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa. Hizi za pili zinaosha valvu, na kaboni inakuwa shida ndogo sana.

Ugonjwa wa pili ni kunywa oili, hasa 4GR, kutokana na ringi za pistoni zilizoganda au kuchoka. Pima mwenyewe: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha jaza tena kwa kipimo. Nusu lita unaweza kuishi nayo ukiwa na galoni kwenye buti. Lita moja na zaidi ni ringi. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, badilisha kwanza valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ikiziba inasukuma oili kwenye njia ya hewa.

Fundi atakwambia "injini imechoka, tia 20W-50". Kataa. VVT-i hufanya kazi kwa msukumo wa oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba; oili nzito hufika kwa kuchelewa, taimingi inayumba, na taa ya injini inawaka. Tumia 5W-30, lita 6 na kidogo pamoja na filta. Filta ni ya karatasi ndani ya kikombe, si ya kopo. Badilisha na oringi zake kila mara, na kikombe kisikazwe kwa hasira, kinapasuka. Kwa joto letu na foleni za mjini, mwaga oili kila kilomita 5,000.

Jambo moja la historia: Julai 2010 Toyota iliita Crown na Lexus zenye baadhi ya injini za V6 na V8, kama magari 270,000 duniani, kwa ajili ya springi za valvu zinazoweza kuvunjika na kuzima injini. Toyota Japani ina ukurasa wa kuangalia kwa namba ya chasisi kama gari linahusika na kama lilishatengenezwa.

Maji

Pampu ya maji huvuja taratibu. Tafuta ukoko wa waridi uliokauka chini ya pampu, upande wa mkanda. Ukiuona, badilisha pampu na mkanda pamoja. Usisubiri maji yaanze kudondoka. Angalia pia sehemu ya juu ya rejeta: plastiki iliyokuwa nyeusi ikigeuka kahawia iko karibu kupasuka, na itachagua kupasukia mlima wa Mombo kwenda Lushoto.

Tumia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya waridi ya Toyota au inayolingana nayo, kama lita 9. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi. Yanakula alumini ya hedi na ya rejeta kutoka ndani. Baada ya kujaza, washa hita ya ndani hadi mwisho, injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe.

Gia boksi

Hakuna kijiti cha kupimia, na wauzaji wanapenda kusema "hii ni sealed, haimwagwi". Mafuta yanazeeka kama yalivyo mafuta mengine. Aina yake kwa boksi ya gia sita ni ATF WS ya Toyota; ile nyekundu ya kawaida isiingie humo. Ukifungua nati unapata kama lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta. Kwa hiyo mwaga na kujaza mara tatu, ukiacha kilomita 500 hadi 1,000 katikati, na mara ya kwanza shusha sampu ubadilishe filta na usafishe sumaku. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida, na hapo usipoteze mafuta mazuri.

Kujua kimo sahihi: gari liwe limelala sawa, injini inanguruma, mafuta ya gia yenyewe yana nyuzi 36 hadi 46 (soma kwenye mashine), ndipo ufungue nati ya kufurikia. Yakitoka matone, imetosha. Fundi anayejaza kwa kukisia ndiye anayeua gia boksi nyingi kuliko umri.

Miguu na matairi

Bushi za mikono ya chini ya mbele ndizo zinazokufa kwanza, na matuta ya Segera yanaziharakisha. Ingiza nyundo ya mpini mrefu au wenzo kati ya mkono na fremu, sukuma: raba ikipasuka mdomo wazi, imekwisha. Badilisha kushoto na kulia pamoja, na nati zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake chini. Ukizikaza miguu inaning'inia, raba inabaki imejipinda na itachanika ndani ya miezi. Kisha peleka alaimenti.

Baadhi ya matoleo yana shokapu za umeme zinazobadili ugumu. Ni ghali. Ukiweka za kawaida gari litatembea vizuri, ila panga na fundi umeme jinsi ya kuzima onyo la dashibodi kabla ya kulipa.

Rimu za 18 za Athlete, tairi 225/45, zinapendeza picha. Kwenye mashimo zinapinda. Rimu za 16 za Royal na tairi 215/60 zinafaa zaidi, mradi zipite kwenye kaliper za gari lako. Soma tarehe ya tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zaidi ya miaka sita, hata kama kashata zake zimejaa, si tairi la safari ya Dar.

Kiyoyozi, umeme na chumvi

Kondensa iko mbele kabisa, na hewa ya bahari inaitafuna. Kama gesi inaisha kila miezi mitatu, usijaze tena. Weka rangi ya kutafutia uvujaji. Zulia la abiria wa mbele likiwa limelowa, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba, unalizibua kwa waya laini na upepo mdogo.

Betri: injini ikiwa imewaka, volti ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Gari likiwa limelala na milango imefungwa kwa nusu saa, umeme unaovuja usizidi miliampia 50. Ukizidi, mshukiwa wa kwanza ni redio ya kichina au king'amuzi cha wizi kilichounganishwa kwa kubahatisha. Dai funguo mbili. Kutengenezesha smart key ya pili ni hela ya kujuta.

Anayeishi Raskazone au Sahare aoshe gari kwa chini, kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mara moja kwa wiki, akielekeza maji ndani ya matao ya magurudumu na juu ya fremu ndogo ya mbele. Gari lililotoka mikoa ya theluji ya Japani linaweza kufika tayari na kutu, kwa sababu barabara za huko zinamwagiwa chumvi. Rangi nyeusi mpyampya ya chini ya gari kuukuu igongwe kwa bisibisi kabla hujaisifu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa pwani. Yabadilishe kila miaka miwili.

Na Mjerumani je?

Kwa kifupi tu. Mercedes W204 (C-Class) yenye injini ya M271: sikiliza mnyororo wa taimingi na gia za kemu, na ujue kufuli la umeme la usukani likifa gari haliwaki kabisa. W211 (E-Class) za kabla ya marekebisho ya 2006 zina pampu ya breki za umeme, SBC, yenye ukomo wa kazi. BMW E90 (3 Series) yenye injini ya N52 ina pampu ya maji ya umeme ambayo hufa bila kuaga, na gasketi za kifuniko cha valvu na nyumba ya filta ya oili zinavuja. Betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta. Ni magari mazuri. Lakini Tanga, kama huna fundi mwenye mashine ya gari hilo hasa, kila tatizo litakuwa safari ya Dar kwa breki dauni.

Kuagiza spea

Spea nyingi za Crown zitatoka Kariakoo na Gerezani kwa basi hadi Kange. Mtumie muuzaji namba kamili ya chasisi pamoja na picha ya spea ya zamani, pande zote, na namba iliyochapwa juu yake. S180 na S200 zinafanana kwa macho katika vitu vingi visivyoingiliana. Koili, pampu ya maji na senza nunua mpya za kampuni inayojulikana. Mikono, taa, milango na rimu unaweza kuchukua za kukata kutoka Japani. Ringi, gasketi na bushi za mtumba usinunue hata kwa bure. Mzigo ukifika, ufungue palepale stendi, ulinganishe namba na risiti, upige picha kabla ya kuondoka, kwa sababu spea ya umeme ikishafungwa kwenye gari hakuna duka litakaloipokea tena.